Pembe ya Nne

Katika avenyu ile ya Buyenzi inayokwenda kufia kwenye korongo la mto Ntahangwa, hapakuwa na mtu aliyejivunia kazi ya mikono yake kama Yahaya fundi chuma alivyojivunia ukuta wake. Na ukuta wenyewe, Mungu atusamehe, ulikuwa umejengwa kwa mizoga ya magari. Ilikuwa mizoga kumi na saba: Peugeot za zamani, Toyota zilizong'olewa hata vitasa, Renault ndogo zile za walimu, na basi moja dogo lililoungua ubavu. Vita ilikuwa imeiachia Bujumbura magari maiti mengi kuliko mazima, na Yahaya aliyakokota moja moja mpaka nyuma ya nyumba yake, akayashusha ukingoni, akayaunga kwa kuyachomelea na vipande vya reli. Ilimchukua miaka mitatu. Alipomaliza, watu walitoka mpaka Bwiza kuja kuutazama, na yeye akawa anawatembeza kama mwenye jumba la makumbusho.

Tusimcheke lakini, maana alikuwa na sababu. Baba yake alipomwachia kiwanja kile, kutoka mlango wa nyuma hadi ukingo wa korongo zilikuwa hatua hamsini na mbili. Kulikuwa na mapapai pale, na banda la mbuzi, na mahali pa watoto kucheza. Bandu bandu huisha gogo. Mwaka ule wa elfu mbili na nne zilikuwa zimebaki hatua kumi na moja, na mapapai yalikuwa yamekwenda ziwani zamani, na banda pia, na mbuzi mmoja ndani yake.

Mvua za zamani zilikuwa na adabu. Zilikuja mwezi wake, zikanyesha taratibu kutwa nzima, mtu akalala usingizi mzuri. Hizi za sasa zilikawia mpaka mahindi yakaungua shambani, kisha zikaja zote kwa mchana mmoja kama mgeni aliyekuja kudai. Na huko juu milima ilikuwa imenyolewa. Wengine walikata miti kwa makaa, wengine kwa kuni za kambini, na kando ya barabara vichaka vilifyekwa ili mtu asivizie gari. Maji yakawa hayana wa kuyazuia. Yakashuka na matope yao na mawe yao, yakapita katikati ya mji, Buyenzi huku na Ngagara kule, yakila ardhi ya pande zote mbili.

Basi mwishoni mwa mwezi wa nne, akafika mwanamke mmoja kwa miguu, viatu vya plastiki, kamba yenye mafundo begani na daftari mkononi. Alijitambulisha kuwa ni Caritas, mtaalamu wa mazingira aliyewekwa na ofisi ya komini kufanya kazi na zoni, yaani mitaa mikuu ya mji, za pande zote mbili za mto. Yahaya alikuwa na maoni yake kuhusu watu wa ofisi. Kwa uzoefu wake, mtu wa ofisi huja na karatasi akaondoka na kuku. Hata hivyo alimtolea kiti, Zubeda mkewe akaleta chai ya tangawizi, naye Yahaya akamwonyesha ukuta, kwa sababu hakuweza kumwona mtu mgeni asimwonyeshe ukuta.

Caritas aliutazama kwa muda mrefu. Hakuusifu, wala hakuuponda. Aliuliza tu swali moja.

"Muzee, maji yakifika kwa ukuta yako, yanaenda wapi?"

"Yanaenda mu ziwa, binti yangu," Yahaya alimjibu akicheka. "Yaende wapi tena?"

Aliliandika jibu lile kwenye daftari, akashukuru kwa chai, akaondoka. Kuku wote walikuwa wamebaki. Lakini swali nalo lilibaki, na kwa siku kadhaa Yahaya alilisikia kila alipoinama kuchomelea. Lilimkera, kwa kuwa ni swali ambalo fundi alipaswa kujiuliza mwenyewe.

Wiki ya pili ya mwezi wa tano likatangazwa jambo ambalo halikuwa limewahi kutokea. Kazi za pamoja za Jumamosi asubuhi, kila zoni ilikuwa ikizifanya upande wake. Buyenzi walizoa taka za Buyenzi, Ngagara walifyeka majani ya Ngagara, na daraja likabaki katikati bila mwenyewe. Tangu mwaka wa tisini na nne watu walivuka daraja lile kwa shughuli maalumu tu, wakageuka mapema, na hawakusimama juu yake kupiga soga. Sasa wakuu wa zoni zote mbili walikuwa wametia sahihi karatasi moja: Jumamosi ile, mkutano wa pande zote utafanyika juu ya daraja lenyewe. Upande huu haukutaka kwenda kule, upande ule haukutaka kuja huku, ndipo Caritas akawaambia, basi simameni katikati. Mtu anaweza kuona ni jambo dogo. Mimi nasema ilihitaji moyo kulifikiria, na ilihitaji moyo zaidi kutoka nyumbani kwako ukaenda kusimama pale.

Walikuja. Mwanzoni walijipanga kama maarusi wasiopendana, hawa kwenye reli ya huku na wale kwenye reli ya kule. Usiku ilikuwa imenyesha milimani na mto ulikuwa mwekundu, umejaa, unanguruma. Caritas hakuhutubia. Alisema kwa kifupi kwamba hali ya hewa inabadilika duniani kote, kwamba mvua za namna hii hazitapungua bali zitazidi, na kwamba yeye peke yake hajui la kufanya ila wote pamoja huenda wakajua. Kisha akawaomba vijana wabebe vigogo kumi vya migomba alivyokuwa ameviagiza, wavitupe mtoni kimoja kimoja, na watu watazame kwa upande wa chini, mahali nyumba ya Yahaya inapoonekana.

Kigogo cha kwanza kilielea moja kwa moja mpaka kwenye ukuta wa magari. Kiliugonga, kikazunguka, kisha kikachomoka kama jiwe la manati, kikavuka mto wote na kuchapa ukingo wa Ngagara. Cha pili hivyo hivyo. Cha tatu pia. Yahaya aliona kabla ya wengine, maana jicho lake lilikuwa la fundi, lakini alikataa kuliamini. Alisogea, akasema atupe mwenyewe. Alichagua sehemu nyingine ya daraja, akatupa. Akatupa tena. Kilipogonga kigogo cha nane, bonge la udongo lenye ukubwa wa jiko lilimeguka kule ng'ambo na kuanguka majini, watu wote wakiangalia.

Hapo ndipo aliposema mzee mmoja wa Ngagara, mwembamba, mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi. Jina lake Népomuscène, mwalimu mstaafu, mkuu wa nyumba kumi zilizo ukingoni kule. Nyumba sita kati ya hizo zilikuwa zimekwishakwenda na maji. Mke wake alikuwa na bustani ya maua pale, akafa akaiacha, na bustani nayo ikamfuata.

"Miaka mitatu," alisema polepole, "sisi tuliamini watu ya Buyenzi munatutumia maji kwa makusudi. Tulisema, ile mambo ya mabunduki haikutosha, sasa wanatumia mto."

Yahaya alitamani daraja lifunguke. Ule ukuta aliokuwa akiwatembezea watu, akiwapa na takwimu zake, ulikuwa umebomoa nyumba za wenzake, na yeye alikuwa amelala salama nyuma yake akimshukuru Mungu. Mkuki kwa nguruwe mtamu, kwa binadamu mchungu. Mtu mwingine angetafuta la kujitetea, na nakwambia yalikuwepo ya kutosha. Yeye alivua kofia yake ya kushonwa, akaishika mikononi, akasema mbele ya pande zote mbili kwamba hakujua, na kwamba kutojua kwake ni kosa, kwa sababu ana macho na angeweza kutazama.

Tangu siku ile kazi ikaanza kweli. Kila Jumamosi walikutana darajani. Caritas aliuliza, wenyeji walijibu, naye aliandika. Wazee walimwonyesha mahali mto ulipokuwa ukipita zamani kabla haujapanuka. Wanawake wa Ngagara walimweleza ni mitaro ipi ya barabarani inayoumwagia mto maji yote kwa pamoja. Mpango uliotoka humo haukuwa wa ofisi wala wa mtu mmoja: mitaro igawanywe, kingo zilazwe ziwe mteremko badala ya ukuta wa udongo wima, matete na mianzi vipandwe juu, na chini vipangwe vikapu vikubwa vya waya vilivyojazwa mawe. Waya zingetoka kwa zoni zote mbili. Kufuma vikapu kungefundishwa na mtu anayejua chuma, na kila jicho liligeuka kwa Yahaya.

Lakini ili kingo zilazwe, mto upewe nafasi yake. Mita kumi na mbili kila upande, hakuna nyumba. Upande wa Ngagara mto ulikuwa umejichukulia zake tayari. Upande wa Buyenzi, ndani ya mita zile kumi na mbili, ilikuwemo nyumba moja tu. Ya Yahaya.

Caritas alikuja kumwambia mwenyewe, hakutuma barua. Alikaa kwenye kiti kile kile.

"Mi sitakudanganya, muzee," alisema. "Zoni haina franga ya kukulipa. Iko tu na ruhusa ya kupima parseli ya kujenga na kupiga kashe kwa karatasi. Parseli yenye iko wazi iko kule Gasenyi. Na kama we utakataa, hatutakubomolea. Tulikubaliana mu baraza: hakuna mutu atatolewa mu nyumba yake kabla hajapata pa kulala."

Gasenyi! Kaskazini kabisa, mji unakoishia, mahali ambapo miaka ile milio ya bunduki ilisikika karibu zaidi kuliko adhana. Yahaya alikuwa na miaka sitini kasoro miwili. Karakana yake ilikuwa Buyenzi, wateja wake Buyenzi, msikiti aliosomea alifu kwa kijiti Buyenzi, mama yake alizaliwa na kuzikwa kutoka avenyu ile ile. Usiku alimwambia Zubeda kwamba zoni ikimpeleka Gasenyi itakuwa imempeleka mtu mzima mzima, na itamrudisha katika jeneza. Zubeda alimwambia aache maneno ya sinema, ila yeye pia hakulala.

Jumamosi iliyofuata mkutano ulifanyika kwenye ua wa ofisi ya zoni, na pande zote mbili zilikuwepo. Walipofika kwenye suala la nyumba ya Yahaya, kila mtu alikuwa na huruma na hakuna aliyekuwa na dawa. Zubeda akasimama. Si mwanamke wa kusema mikutanoni, na aliposimama hata mumewe alishtuka.

"Mu musikiti," alisema, "mutu akichelewa tunamwambia aswali inje? Apana. Imamu anasema, muzibe nafasi, musogee. Kila mutu anasogea kidogo, bega kwa bega, na ule mutu anaingia mu safu. Hakuna mwenye anapoteza swala yake. Mi sijui kupima parseli. Naomba tu musogee."

Caritas akafungua daftari lake haraka haraka, akachora. Viwanja vya Buyenzi vimepangwa kwa kupeana migongo, na nyumba mbili tatu kutoka kwa Yahaya, mbali na korongo, kulikuwa na mahali ambapo viwanja vinne vilikutana kwa pembe zao za nyuma. Kila pembe ilikuwa na kikorokoro chake: jiko, choo, stoo, banda. Kila mmoja akitoa pembe ya mita nne kwa nne, katikati patazaliwa kiwanja cha mita nane kwa nane, na ujia wa kupitia. Vyumba viwili na ukumbi vingeenea. Mkuu wa zoni aliutazama ule mchoro, akamtazama Caritas, akasema katika kazi yake yote hakuwahi kupiga muhuri kitu cha namna ile, na kwamba yuko tayari kuupiga leo.

Houda, mjane mkaanga sambusa, alisema jiko lake lilikuwa linavuja hata hivyo. Anouar fundi cherehani alitoa pembe yake bila kungoja kuulizwa mara mbili. Shakuru alinung'unika kidogo juu ya choo chake, kwa kuwa Shakuru asiponung'unika huumwa, halafu naye akakubali. Pembe ya nne ilikuwa ya Rachidi, muuza vipuri, aliyekuwa ameegemea mlango. Watu waligeuka kumtazama. Rachidi alivaa kandambili zake, akatoka.

Hapana budi niseme kilichokuwa kati ya wawili hao, ingawa wenyewe hawakukisema kwa miaka tisa. Mwaka wa tisini na tano, mtaa ulipozingirwa, nyumba ya Yahaya ilikuwa imeficha watu kumi na tisa kwa siku tatu. Watu wa kila kabila, wa dini zote, wamelala wamekaa kwa kukosa mahali pa kunyoosha miguu. Alfajiri ya siku ya pili Rachidi aligonga. Alikuwa na shemeji yake, mdogo wa mkewe, aliyekuwa akitafutwa, na kwake Rachidi walikuwa wamekwishapekua mara moja. Yahaya alifungua mlango upana wa kiganja. Alisema, hakuna nafasi. Ilikuwa kweli tupu. Shemeji yule aliondoka kuelekea Uvira, ng'ambo ya mpaka wa Kongo, kwa miguu, na hajaonekana mpaka leo. Yahaya aliokoa watu kumi na tisa, mji mzima ukamsifu, lakini uso aliouona kila alipofumba macho ulikuwa wa yule wa ishirini.

Kwa hiyo hakwenda kumbembeleza Rachidi. Angekwenda na uso gani? Caritas alikwenda, mara mbili, akajibiwa kwa heshima kwamba Rachidi anafikiria. Mwezi wa saba ukapita. Mwezi wa nane ukaingia, kiangazi kikali, vumbi tupu. Caritas akalirudia lile lile alilokwisha kulisema: baraza liliahidi, na kama pembe ya nne haijapatikana, ukuta hautaguswa, watangoja mwaka mwingine.

Yahaya alikwenda darajani peke yake mchana mmoja, akasimama akitazama ng'ambo. Nyumba nne zilizokuwa zimebaki ukingoni kule zilikuwa zinaning'inia. Katika moja, mtoto alikuwa akianika nguo kwenye kamba iliyofungwa kwenye mti ambao nusu ya mizizi yake ilikuwa hewani. Mwaka mwingine maana yake ni masika mengine. Alirudi nyumbani, akaiwasha gesi yake ya kukatia chuma, akaanza na gari la juu kabisa.

Zubeda alipotoka na kumwona, alijua. Nyumba itabaki uchi mbele ya mto, na pa kuhamia hapajapatikana. Alimuuliza kama amefikiri. Alimjibu kwamba amefikiri miaka tisa. Akamwomba maji ya kunywa.

Kazi ya mtu mmoja kwa magari kumi na saba ingechukua mwezi na zaidi. Siku ya pili asubuhi, Népomuscène alivuka daraja akiwa na watu kumi na wawili wa Ngagara, kamba mabegani. Alikuwa hajaikanyaga Buyenzi kwa miaka kumi. Alisimama langoni akabisha hodi kwa adabu zote za mwalimu, akauliza waanze wapi. Wakaleta palani, ile mashine ya minyororo ya kunyanyulia injini, wakaifunga, wakavuta, wakaimba kuvuta. Houda akawapikia maharage na ndagala, dagaa wa ziwani. Nakiri kwamba mimi ni mgumu wa kuvutiwa na habari za mikutano na maazimio, lakini laiti ungeiona ile asubuhi ungevua kofia: watu waliokuwa wakiogopana kuliko walivyoogopa nyoka, sasa wameshika mnyororo mmoja, wakigombana tu juu ya nani anavuta kivivu. Kidole kimoja hakivunji chawa. Baada ya siku tisa, mizoga yote ilikuwa juu. Jioni Yahaya aliwakalisha wote chini, wa huku na wa kule, akawafundisha kufuma kikapu cha waya, jicho kwa jicho, na aliyekosea alifumuliwa akaanza upya bila kujali ni afisa au ni mkuli.

Walianza kuvijaza mawe upande wa Ngagara, kwa kuwa ndiko hatari ilikokuwa kubwa. Yahaya ndiye aliyesema waanzie kule.

Kwa hesabu ya zamani walikuwa na wiki tano kabla ya mvua. Lakini mvua za sasa hazikusoma kalenda. Alhamisi ya pili ya mwezi wa tisa, baada ya swala ya alasiri, mbingu ilikuwa nyeusi kwa upande wa milima, na kabla mtu hajaondoa nguo kambani ikaanguka. Haikuwa mvua ya kunyesha, ilikuwa ya kumwagwa. Baada ya nusu saa mto ulishuka ukiwa na magogo na mawe, sauti yake ikasikika mpaka sokoni.

Zubeda na majirani walitoa vitu: godoro, cherehani, msahafu uliofungwa kwenye kitambaa, mitungi ya gesi ya Yahaya. Watu wa Ngagara walivuka daraja ndani ya mvua ile wakaja kubeba. Hakuna aliyeumia, na kwa hilo tulishukuru. Jiko lilikwenda kwanza. Ukingo ukameguka tena, chumba cha kulala kikabaki na kuta tatu, halafu mbili, halafu paa likainama taratibu na kushuka lote. Nyumba ambayo baba yake aliijenga kwa mikono yake, iliyowahi kubeba watu kumi na tisa, ilichukua muda mfupi kuliko wa kunywa kikombe cha chai.

Yahaya alikuwa amesimama barabarani, maji yakimtiririka ndevuni. Alitazama ng'ambo. Alihesabu: moja, mbili, tatu, nne. Zote zimesimama. Vikapu vyake vilikuwa vimeshika, maji yalikuwa yakipita katikati ya mto kama maji yanavyopaswa kupita. Alifurahi, na aliumia, na hakujua lipi limeanza. Caritas alikuja akikimbia, amelowa chapachapa, kamba yake begani. Alisema yeye ndiye mwenye kosa, angemzuia, baraza liliahidi. Yahaya alimwambia hapana, hakuna aliyemlazimisha, na kwamba hajawahi kuona ofisi inayomwomba mtu radhi, kwa hiyo ameona jambo jipya leo.

Lakini usiku ungeingia, pamoja na amri ya kutotoka nje, na pa kwenda hapakuwepo. Houda alisema walale kwake. Népomuscène alisema walale kwake. Zubeda alikaa juu ya godoro lililolowa, mikono magotini. Kesho na keshokutwa zingepatikana nyumba za kulala, ndiyo. Baada ya hapo ilikuwa Gasenyi.

Ndipo waliposikia kishindo nyuma ya nyumba za jirani. Kishindo, kimya, kishindo. Si radi. Watu walizunguka kupitia ujia wa Anouar, Yahaya nyuma yao akikokota miguu. Rachidi alikuwa amevua shati. Alikuwa ameshika nyundo kubwa na stoo yake ya vipuri ilikuwa imekwishapoteza ukuta mmoja. Masanduku ya boliti na beringi yalikuwa yametupwa nje kwenye matope. Hakumtazama mtu.

"Madamu," alisema, "lete kamba."

Caritas alifungua kamba yake. Anouar akashika ncha. Walipima kutoka pembeni, fundo baada ya fundo, kupitia juu ya matofali yaliyovunjika.

"Inatosha," Caritas alisema. "Mita ine, sawa na wengine."

Yahaya alipenya mpaka mbele. Rachidi alishusha nyundo, na kwa mara ya kwanza tangu mwaka ule wa tisini na tano akamtazama usoni.

"Ile siku uliniambia hakuna nafasi," alisema. "Haikuwa uongo. Nilichungulia kwa mulango, niliona vile walikuwa wamekaa. Lakini mi nimebeba ile neno miaka tisa, najua uzito yake. Wakaniuliza kule mu zoni, na mi nikataka kukurudishia. Nilikuwa nayo mu mudomo, Yahaya. Kila siku nilikuwa nayo. Leo nimesikia nyumba inaanguka, nikaona siwezi. Sitamubebesha mutu."

Kisha akamgeukia Caritas, ambaye alikuwa amelikinga daftari chini ya shuka yake lisilowe.

"Andika tano," alisema.

Caritas aliandika tano. Yahaya, ambaye hakulia alipoukata ukuta wake wala alipoitazama nyumba ya baba yake ikishuka mtoni, alilia pale pale kwenye matope, mbele ya watu wa Buyenzi na wa Ngagara, na hakuuficha uso. Baadaye aliokota nyundo nyingine, na wawili hao wakaendelea na ukuta wa pili.